Mama Dobi Hataki Kuangaliwa

2 Februari

Kwa binti yangu, Daktari wa ukoo,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Mimi mzima, isipokuwa nina hasira ya kuchemshia maji.

Kwanza ujue kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yangu imekufa sikio. Haisikiki mpaka niweke spika, na hapa dobini tuko wanawake wanne, masikio manane. Jambo lenyewe si la masikio manane. Barua nampa dereva wa lori la sabuni, maana huko kwenu ndiko anakopakia kila wiki. Nimeibandika gundi, kisha nikaipiga pasi juu yake.

Jambo ni hili. Nawashwa. Nawashwa nyuma, mwanangu, pale penyewe, kwenye njia ya haja kubwa. Huu ni mwezi wa tano tangu paanze. Nikiwa na kazi nasahau, nikikaa tu panaanza. Juzi meneja wa hoteli alikuja kuzungumza habari za mashuka, nikamsikiliza huku nimejibana kwenye kona ya meza ya pasi, nasogea kushoto, nasogea kulia. Akaondoka anafikiri namdengulia.

Sasa hasira yenyewe. Nilikwenda duka la dawa. Binti muuzaji ana kucha ndefu kama vijiko. Nikamnong'oneza nataka dawa ya muwasho. Akanijibu kwa sauti ya mnadani: "Muwasho wa wapi, mama? Wa mbele au wa nyuma?" Nyuma yangu foleni ya watu watano, mmoja wao fundi viatu wa mtaani kwetu, ambaye anashona kila kitu isipokuwa mdomo wake. Nikasema, "Wa mgongoni." Akanipa dawa ya mgongo. Na mimi, kwa kuwa nimeshalipa, nikasema dawa ni dawa, nikaipaka kulekule. Mwanangu, ile ni dawa ya kuchua wacheza mpira! Nilikaa ndani ya beseni la maji mpaka wateja wakauliza kama nimehama.

Usije ukafikiri mama yako amekuwa mchafu uzeeni. Najiosha mara tatu kwa siku kwa sabuni ya mche, nasugua kwa kitambaa kigumu, na kwenye maji ya mwisho natia kifuniko kimoja cha dawa ya madoa, ileile inayorudisha mashuka ya hoteli kuwa meupe. Doa gani limewahi kunishinda mimi?

Basi niandikie dawa ya kweli, dereva ailete. Mtaa mzima unajua binti yangu ni daktari. Haipendezi daktari awe amezaliwa na mtu anayejikuna.

Mama yako mzazi.

*

9 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa. Dawa ya madoa, Mama? Ile ambayo wasichana wako huwaruhusu kuigusa bila glavu? Mikono yao unaionea huruma, halafu wewe unakwenda kuimwaga huko!

Na nimekwambia mara ngapi kuwa mimi si daktari? Ni msaidizi wa maabara. Napokea vichupa, nabandika majina, naandaa vioo ili wenye kusoma wavitazame kwa darubini. Siandiki dawa. Ukiendelea kunitangaza, siku moja mtu ataniletea mgonjwa anayekata roho.

Nilichokifanya ni kumuuliza muuguzi mkuu wa kliniki ya hapa hospitalini bila kukutaja. Hakucheka. Alisema wenye muwasho huo wanakuja kila wiki, na wengi wao ni wasafi kupita kiasi. Ngozi ya pale ni laini, ukiisugua na kuitia sabuni na manukato inakauka, inapasuka, inawasha, nawe unasugua zaidi. Kwa hiyo acha sabuni, acha kitambaa, na lile kopo la dawa ya madoa ulifungie kabatini. Maji matupu ya vuguvugu, kisha jikaushe kwa taulo laini kwa kugusagusa, usifute kwa nguvu. Chupi za pamba zisizobana, na ukilowa jasho kwenye meza ya pasi badilisha. Usijipake dawa nyingine yoyote.

Lakini alisema pia kuwa muwasho una baba wengi. Kuna minyoo midogo, ambayo huchachamaa usiku na huambukiza nyumba nzima. Kuna bawasiri, mpasuko, fangasi, sukari, magonjwa ya ngozi, hata kuharisha kwa muda mrefu. Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu kila swali: Je, unaona damu, kwenye choo au kwenye nguo? Kuna maumivu, uvimbe, usaha? Choo chako kimebadilika? Umepungua mwili? Umepima sukari?

Miezi mitano ni mingi. Nenda zahanati ukaangaliwe. Si mwezi ujao.

Binti yako, ambaye si daktari.

*

17 Februari

Wewe Msaidizi wa Maabara, kama ndivyo unavyopenda kuitwa,

Marahaba yako iko njiani, haijafika.

Yaani mimi, niliyefua nepi zako kwa mikono hii mpaka majirani wakadhani nanunua mpya kila siku, leo wewe ndiye wa kuniandikia niache sabuni? Mtaa huu mtu akitaka kumsema mwenzake mchafu husema, "Huyu hajapita kwa Mama Dobi." Halafu nijioshe kwa maji matupu na kujigusagusa kama nakausha vikombe vya wageni! Kopo nimelifungia, usianze kelele. Lakini nimelifungia kwa hasira.

Maswali yako ni mengi kama ya polisi, nayajibu. Minyoo sina, naishi na paka tu, naye kanywa dawa kabla yangu. Sukari sijapima. Maumivu ni kidogo nikikaa kwenye kiti kigumu. Choo changu ni changu, tangu lini kikawa mtihani wa taifa? Kupungua, ndiyo, nimepungua na nimependeza! Gauni la kijani linaingia bila zipu kulalamika, na wasichana wa hapa wananiuliza siri. Siku hizi navaa sketi nyeusi tu, na nyeusi inamkaa mtu mzima.

Na ili ujue kuwa darasa la saba nalo lina wataalamu wake, nimegundua kitu. Damu iliyokauka kwenye nguo haihitaji dawa ya kopo. Maji baridi, kijiko cha chumvi, unaacha mpaka umalize kupiga pasi mashuka kumi, inatoka yote. Mwezi huu nimefanya hivyo karibu kila siku na haijanigomea hata mara moja. Waambie hao wa darubini.

Zahanati siendi. Unamjua daktari wa pale? Makoti yake meupe nayafua mimi, matatu kila wiki, na kola nazipiga pasi mpaka zinasimama zenyewe kama zinamngoja. Akipita barabarani watu husema, "Koti la Mama Dobi hilo." Sasa aniinamie mimi, anione huko, halafu Ijumaa nimkabidhi koti kwa uso upi? Tena nilishamwambia wewe ni daktari mwenzake. Akauliza chuo gani, nikajifanya shati linaungua.

Dawa nitumie tu. Mambo ya kuangaliwa waachie vijana.

Mama yako.

*

22 Februari

Shikamoo Mama,

Umeliruka swali moja kubwa, kisha hilo ukalijibu bila kujua.

Hiyo damu unayoifua karibu kila siku mwezi huu ni ya nani?

Usiniambie ni ya mashuka ya hoteli. Ya hoteli hulowekwa kwenye mapipa, hukai nayo na kijiko cha chumvi. Ni nguo zako za ndani. Ndiyo maana sketi nyeusi. Umenificha, na badala ya kuogopa umekaa unajisifu jinsi unavyoifua!

Nisikilize. Ungekuwa muwasho peke yake, ukaacha sabuni wiki mbili ukapoa, nisingekusumbua. Lakini muwasho wenye damu, mwili unaopungua bila wewe kujinyima, na choo ambacho mtu hataki kukizungumzia, huo haungojwi. Inawezekana ni bawasiri. Inawezekana ni vidonda ulivyojitia kwa ile dawa. Natumaini hivyo. Lakini kutumaini si kupima.

Mama, mimi kila siku napokea vichupa, na ndani ya kila kichupa mna kipande cha mtu. Vingine vimekuja mapema, vingine vimechelewa. Wengi wa waliochelewa hawakukosa hospitali. Walimwonea haya daktari ambaye siku ile alishaona makalio ishirini na alikuwa anafikiria chakula chake cha mchana.

Nakupa mpaka Jumatano. Usipokwenda, nitamwandikia daktari wako mwenyewe. Nuna, nikatae, niapize. Nitamwandikia.

Binti yako.

*

1 Machi

Binti,

Umefanya. Umenianika!

Mimi ninayetundika nguo za ndani za wateja kwenye kamba ya nyuma ili wapita njia wasizione, wewe mwanangu wa kuzaa umechukua ya kwangu ukaitundika barabarani!

Alikuja Alhamisi, mwenyewe, makoti kwapani. Kwa kawaida hutuma mfagizi. Akasimama karibu na meza, akashusha sauti: "Mama, binti yako wa maabara ameniandikia." Wa maabara! Na pale pembeni yuko mpiga pasi wangu, ambaye mwaka jana nilimwambia umempasua mtu moyo ukaurudisha mahali pake. Pasi yake ilisimama hapohapo. Mpaka leo kila akiniona anaguna.

Nikamwambia, "Daktari, makoti weka hapo. Mengine hayakuhusu."

Akasema, "Yananihusu kuliko makoti, Mama."

Nikamwambia, "Basi chukua na makoti yako."

Akayachukua! Mwanamume mzima, akatoka na makoti machafu kwapani kama mtu aliyefukuzwa na mke.

Nimekulea nikakusomesha kwa mvuke wa pasi. Sikukusomesha uje uandike habari za makalio yangu kwenye karatasi yenye mihuri. Usiniandikie tena. Nikitaka kusutwa ninao mawifi.

Aliyekuwa mama yako mpaka Alhamisi.

*

5 Machi

Mama Dobi,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kila nikipita unaingia ndani na kufunga dirisha.

Sitasema mengi. Makoti nimeyaacha bila kufuliwa. Sijayapeleka kwingine wala sijayafua mwenyewe. Nikiingia kwa wagonjwa navua koti, lakini nikitoka barazani, nikienda posta, nikipita sokoni, nalivaa hilohilo. Leo ni siku ya nne. Lina doa la wino mfukoni, chai kifuani, na kola imelala. Watu wananiuliza, "Daktari, kwani Mama Dobi yupo?" Nawajibu, "Yupo, muulizeni yeye."

Mama, nitaendelea kulivaa hivi mpaka utakapokuja. Nimekasirika, sikufichi. Umenihudumia miaka sita bila doa, na siku moja tu ambayo mimi ningekuhudumia umenifukuza kama mwizi wa vibanio.

Jumamosi asubuhi sina foleni. Mkunga wetu mkubwa, ambaye ni rika lako, atakuwa chumbani. Pazia lipo, mlango una komeo. Kazi yenyewe ni fupi kuliko kupiga pasi mkono mmoja wa shati.

Daktari wa Zahanati.

*

9 Machi

Wewe,

Sijakusamehe, nakupa habari tu.

Yule daktari wako ni mshenzi mwenye akili. Alipita na lile koti mbele ya dobi langu mara tatu kwa siku moja. Muuza nyanya akaniuliza, "Mama Dobi, siku hizi sabuni imeadimika?" Na fundi viatu, mbele ya watu: "Mikono imechoka, Mama Dobi, waachie vijana." Mimi! Nikamwambia mikono yangu bado inatosha kumkamua yeye na viatu vyake. Jumamosi saa mbili nilikuwa zahanati, nimevaa gauni la kijani, nimeshika pochi kama nakwenda kushtaki.

Wakaniambia nilale ubavu, magoti kifuani. Mkunga akanishika mkono, akaniambia, "Mwenzangu, hata mimi nilikuja mwaka juzi, yangu ilikuwa bawasiri, pumua." Nilikuwa nimemwandalia daktari matusi ya kutosha, sikupata nafasi. Kabla sijafika kwa mama yake, akasema, "Basi, Mama, vaa."

Akasema ngozi nimeiunguza mwenyewe, akanipa dawa ya kupaka, na akarudia yaleyale ya maji matupu, mpaka nikaona mnaandikiana. Halafu akanawa mikono polepole. Nikamwambia, "Sema, mimi si yai." Akasema ndani kidole kimegusa kitu kigumu, kidogo kama kunde, ambacho si bawasiri. Hawezi kukiita jina kwa kidole. Lazima hospitali ya wilaya wakate kipande, kipande kipimwe. Nikamuuliza kama yeye angekuwa mimi angeogopa. Akasema, "Ningekwenda kesho."

Swali langu alilikwepa, lakini nimemsikia.

Makoti nilimnyang'anya kabla sijatoka mlangoni. Yote matatu. Aibu iliyokuwa imekaa kwenye zile kola, we acha tu.

Nitakwenda wilayani. Lini, hayakuhusu, maana ukijua utawaandikia na wao.

Mama.

*

30 Machi

Shikamoo Mama,

Kwa hiyo habari zako zimenifikia kwa njia ya kichupa.

Hukuniambia siku, hukuniambia kuwa vipimo vya wilaya huletwa kwetu. Labda hukujua. Jana asubuhi nilikuwa nabandika lebo kama kawaida. Nikachukua fomu ya nne. Mwanamke, miaka hamsini na nane. Kazi: dobi. Nikasema moyoni, kumbe kuna madobi wengine. Kisha nikasoma jina, yote matatu.

Nilikiweka kichupa mezani taratibu, nikatoka nje, nikasimama kwenye matangi ya maji nikakutukana kwa sauti, wewe mama yangu, Mungu anisamehe. Miezi sita! Miezi sita ulikuwa unakifua kitu hicho!

Kanuni zetu haziruhusu ndugu kuandaa kipande cha ndugu yake wala kutoa majibu yake. Nimewaambia wakubwa, nikakabidhi kwa mwenzangu. Majibu yatakwenda wilayani, kisha kwa daktari wako wa zahanati. Mimi sijayaona, sitayauliza. Ila leo mtaalamu anayesoma darubini alipomaliza kusoma vioo vya jana, alikuja akanitengenezea chai, akanitilia sukari mwenyewe, akaiweka mbele yangu. Miaka minne tupo chumba kimoja, hajawahi kunitengenezea chai. Huwa ananifokea tu.

Akikuita daktari, nenda siku hiyohiyo. Akikwambia uje huku, njoo. Chumba ninacho, kitanda nitakuachia. Ukileta ubishi nitakuja kukuchukua mbele ya mpiga pasi, mbele ya fundi viatu, mbele ya lori la sabuni, na sitashusha sauti.

Binti yako.

*

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo ya leo na zile zote nilizokunyima.

Daktari ameniita jana, nimekwenda jana. Alinikalisha, akafunga mlango, akautaja ugonjwa kwa jina lake bila kuzungusha. Saratani. Nilimwambia arudie, si kwamba sikusikia, nilitaka nione kama ataweza. Akarudia. Akasema kwa jinsi picha nilizopigwa wilayani zinavyoonyesha ni ndogo, haijatembea, na ikishikwa hivi wengi hupona. Wiki sita za mionzi na dawa, huko kwenu, pengine bila kisu.

Nikamuuliza kama ni ile dawa ya madoa iliyoniletea haya. Akasema hapana. Ile iliunguza ngozi tu. Akasema wengi wanaowashwa hawana kitu kama hiki, ni sabuni au minyoo au bawasiri, na hiyo isiwe sababu ya kukaa nyumbani ukiona damu. Nikamuuliza, kama ningekuja mwezi ule wa kwanza wa kuwashwa? Akatazama karatasi zake. Akasema, "Mama, umekuja." Mtoto wa watu ana adabu.

Nimekasirika, mwanangu, sijui hasira niiweke wapi. Nimelikasirikia lile dude dogo kama kunde kwa kuchagua pale. Lingeota puani ningelitukana kila asubuhi kwenye kioo, tungejuana. Nimemkasirikia mpiga pasi kwa kulia, kalia mpaka akaunguza shati la mtu. Nikamwambia nyamaza, binti yangu ni msaidizi wa maabara ya hospitali kubwa kuliko zote, anashika kwa mkono wake vitu ambavyo madaktari wenyewe wanangoja kuambiwa. Akajifuta macho, akashika pasi. Nilipomaliza kusema niliona ni kweli, na kwamba ilikuwa inatosha tangu mwanzo.

Nakuja Jumanne, na lori. Dereva kanipa kiti cha mbele na mto wa kukalia, na hajauliza kitu.

Sasa sikia, hili ndilo nililotaka kuandika, mengine yalikuwa ya kuzungukazunguka. Usinipokee kwa upole. Usinishike mkono kunishusha, usiniambie pole kwa sauti nyembamba, usinitengenezee chai. Nifokee. Nifokee palepale lori likisimama, kama ulivyonifokea kwenye barua, mbele za watu, mpaka nikujibu. Maana nikishuka nikakukuta mpole, mwanangu, nitajua nakufa.

Mama yako.